Bei ya Bibi wa Lango

Kidole cha Mthamini bado kipo pale pale tulipokiacha, juu ya mstari wa arobaini na moja wa orodha ya sauti. Wewe umekula, umelala, umekwenda kazini siku saba nzima, na watu wetu wangali mezani wanakitazama.

"Narudia swali," alisema Mthamini. "Bibi wa Lango. Sauti hii ni ya nani, na karatasi yake ya ridhaa iko wapi?"

Mkurugenzi alicheka, lakini kicheko kilikatikia njiani.

"Ni ya mama yangu."

"Vizuri. Na karatasi ya mama yako iko wapi?"

Kiyoyozi kilinguruma, mtu akakohoa, basi.

Najua wengine wenu mmelinunua gazeti hili leo kwa mara ya kwanza, na mimi sitaki lawama, kwa hiyo sikilizeni haraka haraka. Kampuni ni ya ndugu wawili. Kaka ndiye Mkurugenzi. Dada yake mdogo ndiye anayeshughulikia sauti zote, na kazini wanamwita Masikio. Miaka kumi na moja iliyopita, kwenye chumba cha nyuma cha nyumba ya mama yao, walitengeneza gemu waliloliita Ngome ya Shaba. Leo limefika sehemu ya tano na limeuzwa nakala milioni arobaini. Mnunuzi, mwenye kampuni kubwa kuliko yao mara mia, amekuja na Mthamini wake wa kupima mali, na mkataba wa dola milioni mia nne na ishirini. Kasema wazi: asipopata sahihi kabla ya saa sita mchana, anaondoka na harudi. Akiondoka, sehemu ya sita haitoki, na wafanyakazi hamsini na wanane walioko upande wa pili wa kioo cha chumba hiki cha mkutano watafungasha vitu vyao.

Saa ya ukutani ilisema saa nne na nusu.

"Mama ni mama," alisema Mkurugenzi. "Nani anaandikishana karatasi na mama yake?"

"Mimi nathamini mali," Mthamini akajibu. "Kitu kisicho na karatasi si mali yenu."

Masikio akaingilia. "Kwani ni bibi mmoja tu! Mule ndani kuna joka, kuna wafalme wanne, kuna majeshi. Tukimtoa bibi kizee anayefungua lango, kinapungua nini?"

Mthamini aligeuza kabrasha lake mpaka ukurasa wa mwisho, akalisukuma katikati ya meza. Ukurasa ulikuwa na bei mbili tu.

"Akiwepo, milioni mia nne na ishirini. Asipokuwepo, milioni tisini."

"Unatania."

"Sijui kutania, muulize mke wangu. Tulichukua wachezaji elfu mbili. Nusu tukawapa gemu lenu kama lilivyo. Nusu tukawawekea mwigizaji mahali pa bibi, tena mwigizaji mwenye tuzo kabatini. Wengi wa hao wakaliacha kabla saa moja haijaisha. Walisema wameuziwa feki. Joka hawakuliulizia hata mmoja, ila wote walimuulizia bibi."

Milioni mia tatu na thelathini! Na zote zimekaa kooni mwa mwanamke mmoja aliyekuwa nyumbani kwake wakati ule, hana habari.

Mnunuzi alikuwa hajasema neno tangu asubuhi. Ni mtu mdogo, mpole, wa aina ile inayokuomba samahani huku ikikunyang'anya kiti. Sasa alisogea mbele.

"Mimi sahihi ya mama peke yake hainitoshi," alisema. "Nataka aje asome. Kurasa mia mbili tu, leo hii, hapa hapa. Kompyuta zetu zitajifunza sauti yake, halafu tutakuwa naye siku zote. Sehemu ya sita, ya kumi, ya ishirini. Hata siku atakapokuwa hayupo, yeye atakuwepo."

Masikio alimgeukia kaka yake haraka.

Msomaji wangu wa siku zote, wewe unajua kwa nini. Mgeni naye simfichi. Mama yao ana uvimbe kooni. Kesho asubuhi saa mbili anapasuliwa, na daktari amemwambia bila kupinda maneno: uvimbe utatoka, ila sauti nayo huenda ikaondoka moja kwa moja. Masikio anajua. Kaka mtu hajui, kwa sababu mama amekataza asiambiwe.

"Kamlete mama," kaka aliamuru.

"Kaka, njoo nje kwanza tuongee."

"Tuongee nini? Saa inakimbia. Kamlete, wewe ndiye unayesikilizana naye."

Na hilo lilikuwa kweli. Tangu gemu lile litoke, mama na mwanawe wa kiume walikuwa watu wa salamu tu. Hujambo, sijambo, mlango unafungwa.

*

Masikio alimkuta mama chumbani, begi limefunguliwa kitandani. Gauni la kulalia. Kandambili. Mswaki mpya bado kwenye pakiti yake.

"Amekutuma," mama alisema. Hakuuliza. Sauti yake siku hizi ilikuwa mkwaruzo tu, mtu sharti ainamishe kichwa ndipo aisikie.

"Mama, ni jambo kubwa. Wanataka—"

"Mwenyewe hana miguu?"

"Yuko na wageni, mama."

"Miaka kumi na moja yuko na wageni." Mama aliweka mswaki begini, akautoa tena, akauweka upande wa pili. "Unajua mimi nilijisikia wapi? Nilikuwa foleni, duka la dawa. Nyuma yangu mtoto wa watu anacheza na simu ya baba yake. Mara nasikia naongea! Mimi, mdomo nimeufunga, naongea! Nikageuka, yule mtoto akaniambia, bibi, usisimame mbele. Nikaondoka bila kununua dawa."

Masikio hakuweza kumtazama.

"Aliniahidi," mama alisema. "Alinitazama machoni akaniahidi."

Hapa pana kitu ambacho Masikio hajamwambia mtu, na leo nawaambia ninyi kabla ya mama yake. Watengeneza magemu wana desturi yao. Gemu likiwa bado linajengwa, hawangoji mwigizaji. Wanamkamata yeyote aliye karibu, mlinzi, mpishi, shangazi aliyekuja kuchukua sahani zake, anasema maneno mawili matatu, wanaendelea na kazi. Wanaiita sauti ya muda. Kwenye orodha inapakwa rangi nyekundu, maana yake: hii ifutwe kabla ya gemu kutoka. Ikishabadilishwa na sauti ya mwigizaji, wanaipaka kijani. Siku ya mwisho kaka mtu anapitia orodha, na akiona kijani kitupu, gemu linakwenda sokoni.

Siku ile aliona kijani kitupu. Lakini Bibi wa Lango hakuwa amebadilishwa na mtu.

"Mama," Masikio alianza, "kuhusu ahadi ile..."

"Hebu nipe viatu vyangu," mama alimkatiza. "Vile vyeusi. Nakwenda. Nataka aniambie mwenyewe, macho kwa macho."

*

Saa tano na dakika ishirini mama aliingia kwenye chumba cha mkutano. Wote wakasimama. Nyuma ya kioo, wafanyakazi nao wakaanza kunyanyuka mmoja mmoja, kwa kuwa habari ilikuwa imeshapenya: Bibi wa Lango kaja, Bibi mwenyewe!

"Shikamoo mama," alisema Mnunuzi, ameinamisha kichwa.

Mama aliitikia kwa kichwa. Kwa mwanawe hakutikisa chochote. Akavuta kiti, akakaa, mkoba mapajani.

"Mama, tusikuchoshe," Mnunuzi aliendelea kwa upole wake ule. "Utuwie radhi, ni utaratibu tu. Tungeomba useme ile sentensi. Ile ya langoni. Watu milioni arobaini wanaijua kwa moyo, nami nimo."

Mama alimeza mate. Masikio aliona jinsi alivyokunja uso alipomeza. Akafungua kinywa.

Kilichotoka kilikuwa mkwaruzo. Nusu ya maneno hayakusikika, nusu yalikuwa hewa tupu.

Mnunuzi alimtazama Mthamini. Mthamini alitazama kalamu yake.

"Huyu siye," alisema Mnunuzi.

"Ndiye!" Mkurugenzi aliruka. "Ana mafua. Mama, una mafua, si ndiyo? Sema tena!"

"Bwana mkubwa, mimi sikuja hapa kuokotewa bibi barabarani. Kwanza hakuna karatasi, halafu hakuna sauti. Mnataka kuniuzia nini ninyi?"

"Nakuapia ni mama yangu mzazi!"

"Mama yako huenda ni mama yako. Bibi wa Lango siye."

Mnunuzi akaanza kukusanya karatasi zake, moja moja, kwa adabu.

"Subirini!" Masikio aliinuka. "Ninao mkanda wenyewe. Ule wa siku ya kwanza, kabla sijakata chochote."

Watu wa sauti ndivyo walivyo. Hawatupi kitu. Kwenye kabati la Masikio kuna sauti za milango iliyokwisha kuvunjwa na mbwa waliokwisha kufa. Alitoka mbio, akarudi na diski ndogo, ndiyo wenyewe wanayoiita mkanda, yenye plasta ya dukani iliyoandikwa kwa kalamu, MAMA JIKONI. Aliichomeka, akaongeza sauti ya spika.

Wakati anaibonyeza alikuwa anawaza kitu kimoja tu, kuthibitisha kwamba mama ndiye. Haraka hii, jamani, imeponza wengi. Alisahau kilichorekodiwa mwishoni mwake.

Kwanza maji ya bomba. Kifuniko cha sufuria. Halafu kaka yake, sauti ya kijana wa miaka ishirini na mbili:

"Mama, njoo useme hapa. Sentensi moja tu."

"Nina sufuria motoni, niacheni." Na hiyo ilikuwa sauti yenyewe! Nzito, ya kifuani, yenye kicheko chini yake. Mnunuzi aliacha karatasi. Nyuma ya kioo mtu alijishika mdomo.

"Moja tu, mama. Kuna mtu anagonga lango kwa fujo, anataka kuingia. Mtulize."

"Nimwambieje?"

"Vyovyote. Unavyotuambiaga sisi."

Kijiko kiliwekwa mezani. Halafu: "Taratibu, mwanangu. Lango halina miguu."

Kicheko cha vijana wawili kilijaa chumba kizima cha mkutano. Mthamini alikuwa anaandika mbio mbio.

"Kumbe na maneno ni yake," alinong'ona. "Hayakuandikwa na mtu. Sauti yake, na maneno yake." Akakata bei moja, akaandika nyingine kubwa zaidi.

"Zima," Masikio alijiambia, na mkono ukaenda kwenye kitufe.

"Acha," alisema mama.

Mkanda uliendelea. "Haya, mmefurahi. Lakini hiyo msije mkaipeleka kwa watu. Mimi sauti yangu si ya kuchezewa na nisiowajua."

"Ni ya muda tu, mama. Tutatafuta mwigizaji, hii yako tunaifuta."

"Niahidi."

"Naahidi, mama."

Bomba likafungwa. Mkanda ukaisha.

Mnajua aibu inavyoweza kuingia chumbani ikavuta kiti ikakaa? Mkurugenzi alikuwa amekodoa macho mezani. Mama alinyoosha kidole, akamwelekezea mwanawe. Kampuni nzima ilikuwa imesikia kwamba mali ya milioni mia nne imejengwa juu ya ahadi iliyovunjwa, na ushahidi wameuleta wao wenyewe.

"Mama, naapa sikujua," alisema Mkurugenzi. "Siku ile orodha ilikuwa kijani yote. Nilidhani mwigizaji amesharekodi. Nilipokuja kugundua, gemu lilikuwa limeshafika kwa watu laki tatu. Nikaona haya kukukabili. Kila mwezi nikasema mwezi ujao."

Kidole cha mama hakikushuka.

"Ni mimi," alisema Masikio.

Wakamgeukia.

"Ile nyekundu niliigeuza kijani mimi. Waigizaji sita walikuja. Wote wazuri. Nikiwasikiliza naona kama nyumba imehamwa. Nikasema nitamwambia kaka kesho. Sikumwambia. Mama, kaka hakukuvunjia ahadi. Umemnunia bure miaka kumi na moja, na mimi nimekaa katikati yenu nikala chakula cha kila mmoja, nimenyamaza."

Alikuwa analia sasa, mbele ya wageni, na hakujali.

Mama alishusha kidole taratibu. Alimtazama binti yake kwa muda, kisha kijana wake, kisha akatikisa kichwa kama anayekuta watoto wamemwaga unga. Akafungua mkoba, akatafuta miwani, akaivaa. Akavuta ule mkataba. Akachukua kalamu.

Saa sita kasoro dakika kumi na mbili.

"Mungu mkubwa," alinong'ona Mkurugenzi. "Anatia sahihi."

Lakini mama hakugusa mahali pa sahihi. Aliandika pembeni, herufi kubwa za mtu asiyetaka kusomwa vibaya. Kisha akamsukumia Mnunuzi.

Mnunuzi alisoma kwa sauti. "Yaliyokwisha semwa, yabaki. Mapya, hapana. Hakuna kompyuta ya kuongea kama mimi. Nikinyamaza mimi, na yule bibi anyamaze."

Akaweka karatasi chini. "Basi hakuna biashara. Mimi sinunui bibi wa jana. Nanunua wa kesho."

"Mama!" Mkurugenzi alicheka kwa wasiwasi. "Unyamaze lini? Wewe na kunyamaza wapi na wapi? Ulivyotugombeza sisi utotoni, mpaka majirani walikuwa wanatubu!"

Hakuna aliyecheka. Alimtazama mama, akaona ameshika koo. Akamtazama dada yake.

"Kuna nini?"

"Mama, niseme?" Masikio aliuliza.

Mama alifumba macho, akaitikia kwa kichwa.

"Kesho saa mbili asubuhi anapasuliwa koo. Daktari anasema sauti inaweza isirudi."

Mkurugenzi alizunguka meza, akapiga goti chini pembeni ya kiti cha mama, na suti yake ile ya siku ya mkataba.

"Kwa nini hukuniambia, mama?"

Mama alichukua kalamu tena. Aliandika maneno mawili, akamwonyesha.

*Hukuniuliza kitu.*

Basi hapo, ndugu zangu, mtu mzima alilia. Mimi ninayewasimulia sioni aibu kusema kwamba na mimi niliweka kalamu chini nikajipangusa.

"Dakika saba," alisema Mnunuzi. "Bwana mkubwa, nina huruma nawe, kweli nina huruma. Lakini ukiniambia kesho sauti inakwenda, basi ni leo au basi tena. Mshawishi asome. Nitapunguza, kurasa hamsini. Unapata milioni zako zote, mama anapata daktari bora duniani, na watu wako kule nje wanabaki na kazi."

Mkurugenzi aligeuka akatazama kioo. Nyuso hamsini na nane. Kuna mmoja alikuwa amempakata mtoto mchanga.

Akasimama. Akajipangusa uso kwa kiganja.

"Masikio, washa kinasa."

"Kaka!"

"Washa."

Mnunuzi alitabasamu, akatoa bunda la kurasa mkobani. Masikio alisogeza kipaza sauti mbele ya mama, akabonyeza. Taa nyekundu ikawaka.

Mkurugenzi alilichukua lile bunda la kurasa, akalirudisha mikononi mwa Mnunuzi.

"Rekodi hii siyo yako," alisema. "Hii ni yangu na dada yangu. Mama, tuambie kitu. Chochote. Tugombeze tu. Tunaomba."

"Umerukwa na akili?" Mnunuzi aliuliza, na kwa mara ya kwanza upole wake haukuwepo. "Unatupa milioni mia tatu kwa kugombezwa?"

"Hujui anavyogombeza yeye."

Mnunuzi alifunga mkoba. Mthamini naye akasimama, lakini kwa uzito, kama anayeacha sahani haijaisha. Saa sita kasoro dakika moja. Nyuma ya kioo yule mwenye mtoto alikaa chini. Mnunuzi alivuka chumba, viatu vikigonga sakafu, mkono ukashika kitasa cha mlango.

Mama alivua miwani. Alivuta pumzi ndefu, ile hasa aliyokatazwa na daktari.

"Mama, usijaribu," Masikio alimshika bega. "Utajiumiza, mama, tafadhali..."

Mama aliuondoa mkono ule. Na ndani ya chumba kile ikasikika sauti ambayo haikutoka kwenye spika, nzito, ya kifuani, ile ile ya jikoni, haina mkwaruzo hata mmoja.

"Taratibu, mwanangu. Lango halina miguu."

Mkono wa Mnunuzi ulikwama kwenye kitasa. Akageuka polepole. Nyuma ya kioo yule mwenye mtoto alisimama tena.

Taa nyekundu ilikuwa bado inawaka. Mama alifuta jasho la usoni, akavuta mkataba karibu, akaweka kidole juu ya yale aliyoyaandika pembeni, akasema maneno ambayo hayamo kwenye gemu lolote duniani:

"Rudi ukae. Sasa tuongee bei, mimi na wewe."